Kabla Kamera Haijaingia Ukumbini



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetuumba wanaume na wanawake, akatia baina yetu mapenzi na huruma. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wapendwa wasomaji wetu, Mfungo Mosi umeingia, na arusi zimeingia pamoja nao. Huu ndio mwezi ambao Mama yetu Aisha (R.A.) aliolewa na Mtume (S.A.W.), na watu wetu wa pwani hawajaacha kuupenda. Miongoni mwa maswali yaliyotufikia, moja limeletwa na mama watatu mbalimbali, kila mmoja akilieleza kwa namna yake: arusi ya binti itafanywa mahali ambapo hatujawahi kufika, je, mpiga picha tumwambie nini, na sisi wenyewe tutazame nini?

Swali hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Zamani arusi zetu zilikuwa za nyumbani. Nikahi ilisomwa msikiti wa mtaani, na wanawake walikutana nyumba ya bi arusi au ya jirani, uwanja ukazungushiwa maturubali. Aliyepiga picha alikuwa shangazi au binamu mwenye kamera ndogo. Filamu moja ilitoa picha thelathini na sita, zikasafishwa, zikatiwa katika albamu, na albamu ikafungiwa kabatini. Aliyetaka kuziona alikuja nyumbani, akabisha hodi, akakaribishwa.

Leo ukumbi hukodishwa ng'ambo ya mji. Bwana arusi hutoka Lamu, bi arusi hutoka Mombasa, na karamu ikawa Malindi. Mpiga picha huajiriwa kwa simu, akaja siku ile ile, akaingia mahali asipopajua, kati ya watu asiowajua, akatoka na picha elfu mbili mfukoni mwake. Hodi hakubisha, na hapana aliyemfundisha wapi pa kubisha.

Ruhusa iliwekwa kwa ajili ya jicho

Katika Surat an-Nur, aya ya 27, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Sahl bin Saad (R.A.), mtu mmoja alichungulia tunduni katika nyumba ya Mtume (S.A.W.). Mtume akamkemea kwa ukali, akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya kutazama. Ndugu zetu, hebu tuizingatie hikima hiyo. Aliyechungulia hakuvuka kizingiti wala hakuchukua kitu. Mguu wake ulikuwa nje. Kosa lilikuwa la jicho.

Kamera ni jicho, tena ni jicho lisilosahau. Jicho la mwanadamu likiona kwa bahati mbaya huinamishwa, na lililoonekana hufifia. Kamera ikiona, huhifadhi, na kilichohifadhiwa huweza kuonyeshwa maelfu ya watu kabla ya swala ya Alfajiri. Basi ikiwa jicho la nyama liliwekewa ruhusa, hili la kioo lastahiki zaidi.

Tunajua kwamba wanavyuoni wamehitilafiana juu ya picha zenyewe. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliona kwamba picha ya kamera ni kuzuilia kivuli tu wala si kuumba, na wengi wakamfuata. Wengine, kama Sheikh Nasiruddin al-Albani, hawakukubali. Kila familia na imuulize mwanachuoni inayemwamini. Lakini hata aliyeruhusu hakuruhusu kufichua uchi wa mtu wala kuvunja amana. Hapo hapana hitilafu, na hapo ndipo tunapotaka kusimama leo.

Yaliyompata dada mmoja

Familia moja ilituletea masikitiko yake, na kwa idhini yao tunayasimulia bila ya kutaja mtu wala mahali. Ilikuwa usiku wa kupamba, katika ukumbi ambao jamaa wa pande zote mbili waliingia kwa mara ya kwanza. Mpiga picha alikuwa mwanamke, na wote walitulia kwa hilo. Wanawake walivua mabuibui, wakacheza, wakafurahi, kama ada ilivyo. Lakini ukutani nyuma ya jukwaa palikuwa na vioo virefu. Bi arusi alipopigwa picha, dada aliyeketi mbele akionekana wote katika kioo, kichwa wazi na mabega wazi. Mpiga picha aliitazama sura ya bi arusi tu. Bi arusi alikuwa amejifunika vizuri na ameridhia picha yake itangazwe, basi ikawekwa mtandaoni kuitangaza kazi.

Dada yule aliipata habari kutoka kwa mfanyakazi mwenzake wa kiume. Picha iliondolewa siku ile ile, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ilikwisha pita simu hadi simu. Miezi ilipita asihudhurie arusi ya mtu. Hapana aliyekusudia ubaya katika jambo hili. Lililokosekana ni mtu mmoja kwenda ukumbini siku moja kabla, akasimama palipo jukwaa, akatazama ukutani.

Kukagua ukumbi wa kukodi

Basi nasaha yetu ya kwanza ni hii: yeyote aliyeajiriwa kupiga picha mahali pageni, na apelekwe pale kabla ya siku. Ikiwa ukumbi ni wa mbali, na alipwe nauli ya safari hiyo. Si israfu, ni sehemu ya sitara. Afuatane naye mama mmoja wa familia mwenye macho makali, nao watazame haya.

Kwanza, vioo na madirisha. Kila kioo ni mlango. Kinachoonekana ndani yake kifunikwe kwa kitambaa, au jukwaa ligeuzwe. Madirisha yatazamwe usiku, taa za ndani zikiwaka, mtu akiwa amesimama nje. Mchana kioo huonekana cheusi kutoka nje. Usiku hugeuka kuwa wazi kama maji ya kisima.

Pili, kamera za ulinzi. Kumbi nyingi za siku hizi zina kamera darini, na kuna mtu ofisini anayetazama. Msimamizi aulizwe waziwazi: ziko ngapi, zinatazama wapi, na nani anaziona? Aombwe kuzizima au kuzifunika zile za ndani kwa muda wa kupamba, na zile za milangoni ziachwe kwa usalama. Ombi hili liandikwe katika mapatano ya kukodi ukumbi, kabla ya kulipa.

Tatu, njia za watumishi. Ukumbi una mlango wa jikoni, ngazi ya nyuma, roshani ya juu, na chumba cha fundi wa taa na sauti. Mpiga picha mwanamke hana faida kubwa ikiwa fundi wa sauti ni kijana wa kiume aliyeketi gizani nyuma ya kioo. Tuulize ni nani atakayekuwepo, na akae wapi.

Nne, mwanga wenyewe. Hili ni la ufundi, lakini lina athari yake katika adabu. Taa za rangi za kumbi hugeuza sura za watu zikawa za buluu, na hina iliyotiwa kwa saa nne ikaonekana nyeusi tu. Mpiga picha asiyejua taa ziko vipi hulazimika kumsogelea bi arusi mno na kumsumbua kwa mimweko. Aliyezijaribu mapema huomba taa nyeupe moja iwashwe upande wa jukwaa, akasimama mbali, akafanya kazi yake kwa utulivu. Tena na ajue kwamba kamera ikitoka katika ukumbi wenye baridi kali ikaingia katika joto na unyevu wetu wa pwani, kioo chake hushika ukungu. Na iachwe ndani ya mkoba wake kwa muda ipate kuzoea.

Msikitini

Nikahi nayo mara nyingi husomwa msikiti usiokuwa wetu. Mpiga picha hana budi kumwendea imamu au kamati ya msikiti mapema, amsalimu, amuulize ada ya mahali pale. Iko misikiti inayoruhusu kamera, iko inayokataza, na iko inayoruhusu baada ya watu kumaliza sunna zao. Kila mwenye nyumba na aheshimiwe. Ikiwa tumemwajiri mpiga picha asiyekuwa Mwislamu, ni juu yetu kumweleza kwa wema: viatu vinabaki mlangoni, mbele ya mwenye kuswali hapapitwi, na mimbari si mahali pa kupanda ili upate picha nzuri.

Na liko moja tumelishuhudia kwa macho yetu. Khatibu alikwisha kuozesha, na mpiga picha akamwomba arejeshe ijabu na kabuli kwa kuwa kamera ilikuwa haijawa tayari. Watu walicheka, sisi hatukucheka. Imepokewa kwa Abu Daud na Tirmidhi kwamba ndoa ni katika mambo matatu ambayo maskhara yake huhisabiwa kuwa ni kweli. Maneno yale si mchezo wa kuigiza. Mpiga picha aliyefika mapema, akajua wali ataketi wapi na bwana arusi wapi, hatahitaji kumrudisha khatibu nyuma. Na akikosa, basi amekosa. Nikahi imesihi bila ya picha yake.

Wakati nao uhisabiwe. Huku kwetu jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arubaini na tano, mwaka mzima, na giza halikawii. Nikahi ikisomwa baada ya Alaasiri, picha za wazee na jamaa zipigwe mara watu wanapotoka, ili adhana ya Magharibi isiwakute bwana arusi na wenzake wamepangwa safu mbele ya kamera ilhali safu ya swala inawangoja.

Nyumba za watu, na jicho la angani

Wako wanaopeleka arusi Lamu kwa ajili ya mji wake wa kale, uliotiwa katika orodha ya turathi za dunia na UNESCO mwaka 2001. Mpiga picha mgeni huko hukuta vichochoro vyembamba visivyopita gari, na mizigo ikibebwa kwa punda na mahamali. Hukuta pia milango ya nakshi na mabaraza, naye huona kila kitu ni pazia la picha. Na akumbuke kwamba baraza ni mahali pa mwenyewe. Mlango ule mzuri una watu nyuma yake, huenda wana mgonjwa au wamo katika eda. Hodi moja na salamu moja hutosha, na mara nyingi mgeni hupewa zaidi ya alilotaka.

Ndani ya nyumba zile za mawe mna nuru kidogo, maana zilijengwa zielekee kiwanda chake cha ndani, si njiani. Waliojenga walijua wanalofanya: nyumba hupata upepo na mwanga, na mwanamke hupata faragha. Mpiga picha mwenye akili humweka bi arusi karibu na kiwanda, ubavuni mwa mwanga, na zidaka zilizochorwa nyuma yake, wala hahitaji taa kubwa.

Lakini sitara hiyo ya mamia ya miaka huvunjwa sasa kwa dakika moja. Tunazungumzia droni, ile kamera irukayo. Kuta zilizojengwa ziwe ndefu hazina dari dhidi ya kitu kilicho juu. Droni inayopigia picha maandamano ya bwana arusi huona viwanda na sakafu za juu za majirani thalathini, ambako wanawake wamo katika shughuli zao, wanapika na kuanika nguo. Yule mtu wa zamani alichungulia tunduni kwa jicho moja. Tazama huyu anachungulia mtaa mzima! Tena serikali yetu ilitoa kanuni za vyombo hivi mwaka 2020, vinavyosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na si halali kwa kila mtu kuvirusha apendavyo. Rai yetu ni kwamba droni isirushwe katika mitaa ya nyumba hata kidogo. Arusi haikosi baraka kwa kutoonekana kutoka juu.

Ufuoni

Wengine hupenda picha za ufuoni. Hapa hatuna mengi, ila mawili. Ufuo ni wa watu wote, basi wapita njia huona na hupiga picha zao kwa simu. Hapo si mahali pa nguo ya kupamba, bali pa mavazi ya sitara kamili. Na bahari ina saa zake. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katika siku hizo maji yetu mara nyingi hujaa karibu na Alaasiri, wakati ule ule ambao mpiga picha huutaka. Aliyepanga arusi tarehe 15 ya mwezi wetu, akadhani ataukuta mchanga mweupe, huenda akaukuta umemezwa. Kuuliza si ujinga. Wavuvi wa pale watakwambia bure.

Picha ni amana

Tumalizie na lililo zito zaidi: baada ya arusi, picha ni za nani? Tunawashauri wazazi wafanye mapatano ya maandishi na mpiga picha, hata kama ni binti wa jirani. Yaandikwe mambo manne. Hapana picha itakayotangazwa popote bila ya idhini ya bi arusi na ya kila anayeonekana ndani yake, hata aliye nyuma, hata aliye ndani ya kioo. Picha za kupamba zitakabidhiwa mkononi, hazitapitishwa katika makundi ya WhatsApp. Atakayezirekebisha katika kompyuta ni mwanamke. Na baada ya muda uliokubaliwa, nakala zilizobaki kwa mpiga picha zitafutwa.

Hili si la dini peke yake. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huhisabu picha inayomtambulisha mtu kuwa ni katika habari zake binafsi, na kwa mtoto hutaka idhini ya mzazi au mlezi. Mwezi wa Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe jijini Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa picha ya mteja wake. Dada aliyedhulumiwa asidhani kwamba hana pa kushtaki. Wala mpiga picha asidhani kwamba kulipwa kwa kazi ni kumilikishwa sura za watu.

Na sisi wageni tunayo yetu. Ni dhulma kumlaumu mpiga picha mmoja ilhali simu mia mbili zimo mikononi. Ada ya kuacha simu mlangoni usiku wa kupamba, au kubandika karatasi juu ya kamera zake, ni ada njema, na mama mwenye arusi asione haya kuisimamia. Atangaze katika kadi yenyewe, ili asiwepo atakayeona amevunjiwa heshima mlangoni.

Kwa mabinti zetu wanaofanya kazi hii tunasema: kazi yenu ni ya fardhi kwa jamii kuliko mnavyodhani. Kila mwanamke anayejifunza kamera humwondolea haja mwanamume asiye maharimu kuingia kwa wanawake. Basi msione haya kudai siku ya kukagua ukumbi, na wazazi wasione uzito kuilipia. Huyo anayekubali bei ya chini kabisa, akafika na kamera dakika ya mwisho, ndiye anayekuja kupatengeneza mahali kwa macho ya wengine.

Tuliwaambia mama wale watatu neno moja, nalo tunawaambia ninyi nyote. Kabla hamjauliza mpiga picha ana kamera gani, muulizeni: mahali penyewe umepaona? Akisema bado, mpelekeni kwanza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azibariki ndoa za watoto wetu, awaunganishe katika kheri, azisitiri nyumba zetu duniani na atusitiri Siku ya Kiyama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.